Bustani Huchagua Wageni Wake

Mtu anayelima bustani ya mboga kwa mara ya kwanza, awe Gungu, Mwanga, Katonga au Ujiji penyewe, kwa kawaida huanza na mbegu. Hununua pakiti ya mchicha, ya nyanya na ya chainizi, hupiga tuta nyuma ya nyumba, humwagilia asubuhi na jioni, na miche inapochomoza ndipo anapokumbuka kwamba jirani anafuga kuku. Uzio huja baadaye, tena kwa hasira. Hoja ya sura hii ni kwamba utaratibu huo umekaa kinyume. Suala la wanyama ndilo la kufikiriwa kwanza, kabla ya mbegu, maana mnyama haingii bustanini kwa bahati tu, wala kwa ubaya wa moyo. Anaitwa na kilichopandwa, na wakati kinapokomaa, na mahali kilipo, na makombo yaliyoachwa chini. Anayejua bustani yake inamwita nani anaweza kuubadilisha wito huo kabla hajatumia hata shilingi moja kununua waya.

Ushahidi mzito wa jambo hili umekusanywa hapahapa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na watu ambao hawakuwa na nia ya kulima. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, wakati bado ni pori la akiba, miaka minane kabla halijawa hifadhi ya taifa. Kwa miezi mingi sokwe walimkimbia kila alipowasogelea. Wa kwanza kumzoea alikuwa dume mwenye ndevu za mvi aliyepewa jina la David Greybeard, na kilichomleta kambini hakikuwa udadisi juu ya binadamu. Kambini palikuwa na mchikichi, na chikichi zake zilikuwa zimeiva. Alikula, akaondoka, akarudi siku nyingine, na katika kurudi huko akakutana na ndizi hemani, akazichukua. Chikichi za mti ule zilipokwisha, aliacha kuja. Baada ya wiki kadhaa mchikichi mwingine wa palepale ukaiva, naye akaonekana tena. Ratiba ya ziara zake ilikuwa ratiba ya mti. Mkulima wa Kigoma anapaswa kulitazama tukio hilo kwa makini, kwa sababu ni nadra kukuta kiwanja cha mkoa huu kisicho na mchikichi karibu, na watu wengi hupiga tuta lao la kwanza chini yake ili wapate kivuli cha mchana.

Kilichofuata kinafundisha zaidi. Goodall na wenzake waliona kwamba ndizi zinawaleta sokwe karibu, wakaanza kuziweka makusudi. Sokwe waliongezeka kambini, na nyani nao wakaja, wakagombania chakula kilekile mahali palepale. Mtafiti Richard Wrangham alichapisha mwaka 1974 uchambuzi wa ulishaji huo, akaonyesha kwamba ugomvi, kati ya sokwe wenyewe na kati yao na nyani, ulikuwa mkubwa zaidi pale ndizi zilipotolewa kwa wingi. Ulishaji ulipunguzwa, na hatimaye ukaachwa kabisa. Sasa fikiria mkungu wa ndizi ulioachwa uive shambani, au rundo la mahindi mabichi pembeni mwa bustani iliyo chini ya kilima chenye nyani. Kwa nyani hakuna tofauti yoyote kati ya rundo hilo na kituo cha ulishaji: chakula kingi na kitamu, mahali pamoja, kila siku. Wanasayansi walifanya hivyo kwa kukusudia, nasi tunafanya bila kujua.

Kusini zaidi, Mahale, mfano uko wazi kiasi kwamba unaweza kuitwa jaribio la kilimo. Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kazi huko mwaka 1965, na kwa kuwa alitaka kuwaona sokwe kwa karibu, alipanda miwa. Mwaka 1966 sokwe wa kundi lililoitwa K wakaanza kufika kwenye miwa ile, na ulishaji ukaendelea hadi mwaka 1987. Yaani mtu aliyetaka kuwavuta wanyama alichagua zao, akachagua mahali, akapanda, akasubiri. Zana zake zilikuwa zilezile za mkulima. Mahale ina ushahidi wa pili ambao mimi nauona una thamani kubwa kuliko ule wa miwa. Wakazi walipoondoka eneo lile katika miaka ya 1970, waliacha nyuma miembe, mipera na milimau. Mtu angetarajia sokwe waishambulie miti hiyo msimu wa kwanza. Hawakufanya hivyo. Ilipita miaka kabla hawajaanza kuonja maembe, jambo ambalo mtafiti Hiroyuki Takasaki aliliandikia mwaka 1983 kama tukio jipya. Mnyama hazaliwi akijua kwamba embe ni chakula, wala kwamba nyanya yako ni tamu. Anajifunza, na akishajifunza anawafundisha wenzake. Kwa hiyo msimu wa kwanza wa bustani una uzito kuliko misimu yote inayofuata: ndio msimu ambao wanyama wa jirani wanaamua kama mahali hapo panafaa kukumbukwa.

Msomaji wa Ujiji anaweza kupinga, na ana haki. Atasema sokwe hawafiki Ujiji, na kwamba mambo ya watafiti wa porini hayamhusu mtu mwenye matuta matatu nyuma ya nyumba ya tofali. Ni kweli kwamba mgeni wake atakuwa mwingine. Lakini sheria inayomleta ni ileile, na kwa hilo kuna ushahidi kutoka mashamba ya kawaida kabisa. Lisa Naughton-Treves alichunguza mashamba yanayopakana na Hifadhi ya Kibale, magharibi mwa Uganda, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1998. Wanyamapori wa aina tano, yaani nyani, nguruwe mwitu, kima wa mkia mwekundu, sokwe na tembo, walihusika na asilimia 85 ya matukio ya uharibifu. Kilichoeleza zaidi shamba lipi litaliwa na lipi litapona kilikuwa umbali kutoka ukingo wa msitu. Kwa wastani hasara ilikuwa ndogo, kati ya asilimia 4 na 7 ya mazao kwa msimu, ila haikugawanyika sawa: wengi walipoteza kidogo sana, na wachache waliokuwa ukingoni waliweza kupoteza shamba zima la mahindi au mihogo. Katika utafiti huohuo mifugo nayo ilikuwa imeharibu mazao kwa kiasi kikubwa, lakini wakulima hawakuilalamikia sana, kwa kuwa walikuwa na taratibu za kulipana fidia wao kwa wao. Mbuzi ana mwenyewe. Nyani hana, na ndiyo maana hasira yote humwangukia yeye.

Kwa bustani ya mjini, basi, orodha ya wageni inaanza na kuku. Watu hudhani kuku anakuja kula mboga, kumbe mara nyingi mboga ni jambo la pili. Mtazame kuku mwenye vifaranga akiingia kwenye tuta lililomwagiliwa: hupiga kucha mara mbili au tatu, hurudi nyuma hatua moja, huinamisha kichwa na kuangalia kilichofukuliwa, huwaita wanawe, kisha husogea na kurudia. Anatafuta minyoo na wadudu kwenye udongo laini wenye samadi, na miche inang'oka njiani. Anaitwa na udongo wenyewe, ule tulioutayarisha vizuri kuliko udongo mwingine wote wa mtaa. Kumpiga mawe hakutabadilisha hilo. Kutandaza matawi ya miiba au makuti juu ya tuta mpaka miche ifikie urefu wa kiganja kutalibadilisha, kwa sababu kucha hazitapata pa kupara. Baada ya mavuno, kuku yuleyule aruhusiwe kuingia, atasafisha tuta lote la viwavi na mabuu bure. Mbuzi ni tofauti. Yeye anaitwa na majani, na huitwa kwa nguvu zaidi kuanzia Juni hadi Septemba, wakati nyasi za mitaani zimekauka na bustani inayomwagiliwa ndiyo kijani pekee kilichobaki. Kwake huyo hakuna ujanja wa tuta, ni uzio na mazungumzo na mwenye mbuzi, tena mazungumzo yatangulie, kabla mchicha haujaota, maana malalamiko ya baadaye huwa yana bei.

Uzio wa kawaida ufukweni ni nyavu chakavu za dagaa zilizofungwa kwenye vigingi. Ni rahisi, unapatikana, na kwa kuku unafaa. Una hatari moja ambayo haisemwi. Nyavu iliyolegea hunasa ndege, mijusi, hata nyoka, na kiumbe kilichokufa kwenye nyavu kinaita wengine: paka, kunguru, siafu. Nyavu ivutwe ikaze na ukingo wake wa chini ufukiwe. Anayeweza kusubiri apande minyaa, ambayo itachukua misimu kadhaa kuwa ukuta, lakini hainasi kitu, na utomvu wake mkali huwafanya mbuzi waikwepe.

Hapa inafaa kusema jambo kuhusu uchaguzi wa mazao, kwa kuwa ndipo mwanzo wa mwaliko wote. Wapo wanaoshauri bustani ya kwanza iwe ya vitu vichungu na vikali tu: ngogwe, mnafu, pilipili, vitunguu. Ushauri huo una msingi. Ukali wa pilipili hutokana na kemikali inayowasha mdomo wa mamalia, na hivyo panya, nyani na mbuzi huiacha. Lakini ndege hawahisi muwasho huo kabisa. Shore, yule mwenye kichwa cheusi na manyoya ya njano chini ya mkia, huimeza pilipili kichaa nzima na kwenda kuzidondosha mbegu kwingine, na ndivyo mmea huo unavyojisambaza. Zao linalomfungia mlango mgeni mmoja linaweza kuwa limemfungulia mwingine. Tena bustani ya mboga ina kazi ya kulisha watu, na familia yenye watoto haiwezi kuishi kwa pilipili na ngogwe. Hoja yangu haidai tupande visivyopendwa. Inadai mpangilio: vitamu vikae karibu na mlango, pale ambapo watu wanapita kutwa, wanapoosha vyombo na kuchota maji, na vikali vikae pembezoni. Macho na nyayo za watu ni uzio unaojilipia wenyewe. Mgagani na mchicha, ambavyo huvunwa ndani ya wiki chache tangu kupandwa, ni bora kwa msimu wa kwanza kuliko mahindi yanayokaa miezi mitatu na kuitangaza siku yake ya kukomaa kwa kila pua ya mtaa.

Swali la mahali lina uzito wa pekee ufukweni. Ukanda wa mchanga wenye unyevu kando ya ziwa unamvutia kila anayeanza: maji yako hatua chache, udongo hauhitaji kupasuliwa, na kiangazi kizima majani hubaki mabichi. Hayo yote kiboko naye anayaona. Karibu na midomo ya mito kama Malagarasi, kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, hupita njia ileile aliyoizoea, na anaweza kula majani ya kilo 40 kabla ya alfajiri. Mnyama wa zaidi ya tani moja hahitaji kuipenda kabichi yako ili kuimaliza, kupita tu kunatosha. Na yeyote anayeamka usiku kwenda kumfukuza kwa tochi anahatarisha maisha yake kwa ajili ya matuta mawili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wengi huiona kama sheria ya kuwanyima maskini ardhi nzuri. Mimi naisoma tofauti. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni na kumeza fukwe, nyumba na bandari ndogo kama Kibirizi, walioheshimu umbali huo walipoteza kidogo kuliko waliolima maji yalipoishia. Kubeba ndoo mita 60 ni kazi ya kweli, hasa kwa wanawake na watoto ambao ndio wabebaji. Ni kazi inayopunguzwa kwa kulima eneo dogo zaidi na kulifunika kwa nyasi kavu ili maji yasikauke haraka, na bustani ndogo ni rahisi zaidi kuilinda.

Pingamizi linalosikika sana, ingawa ni watu wachache wanaoliandika, ni kwamba suluhisho la haraka ni sumu. Kwa panya hasa, pakiti ya dawa ni bei rahisi na matokeo huonekana haraka. Shida ni kwamba panya aliyekula sumu hafi palepale. Kwa aina nyingi za dawa hutangatanga kwa siku kadhaa akiwa amelegea, na ndiye anayekamatwa kirahisi na bundi, paka na kenge. Sumu inapita kwake kwenda kwao. Ukimuua bundi, umeua mwindaji wa panya anayefanya kazi kila usiku bila ujira, na panya huzaliana upya kwa kasi ambayo hakuna bundi anayeiweza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamechunguza panya wa mashambani kwa miongo kadhaa na kuonyesha jinsi idadi yao inavyofuata mvua na chakula. Chakula kikiwa kingi watajaa, kikiisha watapungua. Basi pa kushika ni kwenye chakula: nyanya zilizoanguka ziokotwe jioni, rundo la mboji lisitupiwe ugali wala vichwa vya dagaa, ghala lisiwe pembeni mwa matuta. Najua bundi anaogopwa, na katika nyumba nyingi za huku mlio wake huleta hofu ya kweli. Siidharau hofu hiyo. Nasema tu kwamba anayelala juu ya mti wa nyumba yako mara nyingi amefuata panya wako.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila mgeni ni hasara, na hilo lingekuwa kosa. Kuna wageni ambao wasipokuja hakuna mavuno. Boga lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja, na chavua yake ni nzito na ya kunata, upepo hauwezi kuibeba. Ua hufunguka alfajiri na kufikia mchana limejikunja. Ndani ya saa hizo chache nyuki lazima atoke kwenye ua dume, lenye mguu mrefu mwembamba, aende kwenye ua jike, lililobeba kiboga kidogo cha ukubwa wa kidole gumba chini yake. Asipofika, kiboga kile hugeuka njano, husinyaa na kuanguka, na mkulima mgeni hudhani ni ugonjwa au ukosefu wa mbolea, akanunua dawa. Akipuliza dawa hiyo asubuhi, anawaua nyuki aliokuwa anawahitaji, na maboga yanazidi kudondoka. Kama hakuna budi kupuliza, ni jioni, maua yakiwa yamefunga. Chura, mjusi na buibui wako kundi hilohilo la wageni wa faida. Wao nao wanaitwa: chura kwa gae la chungu lililoinamishwa kivulini penye unyevu, mjusi kwa rundo la mawe, nyuki kwa maua ya mrehani ulioachwa utoe maua. Mwaliko unaofukuza na mwaliko unaokaribisha ni elimu moja.

Limebaki pingamizi gumu kuliko yote, nalo ni la mtu wa Mwamgongo au Mtanga, vijiji vinavyopakana na Gombe kaskazini na kusini. Atasema: umetuambia umbali kutoka msituni ndio unaoamua, nami ardhi yangu iko ukingoni, umbali huo nikauchague wapi? Hakuna jibu rahisi kwake, na kumwambia apande pilipili na atulie ni kumtwisha peke yake mzigo ambao ni wa wengi. Kifuta jasho cha serikali kwa uharibifu wa wanyama hatari kipo kikanuni tangu 2011, lakini hukokotolewa kwa ekari, na matuta matatu ya mboga hayafiki ekari. Ndiyo maana naona njia iliyofuatwa tangu 1994 na mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, wa kuanza na mahitaji ya wanavijiji wenyewe, vitalu vya miti na baadaye mipango ya matumizi ya ardhi ya kijiji, ina mantiki ileile ya bustani, ila kwa ukubwa wa kijiji. Kijiji kinapokaa kwenye mkutano mkuu na kuamua msitu uishie wapi, mahindi yaanzie wapi na katikati kuwe na nini, kinapanga nani aitwe na nani asiitwe, na kinaugawa mzigo wa ukingoni badala ya kumwachia aliyejenga wa mwisho. Mtu wa ukingoni bado atahitaji kulinda matuta yake, lakini asilinde kwa kumtoa mtoto shuleni. Atakayemsaidia zaidi ni jirani wa ukingo huohuo wa msitu mwenye shamba linalogusana na lake, wakikubaliana kupanda mahindi yao wiki moja, yakomae pamoja na kuvunwa pamoja, zamu za ulinzi ziwe za siku chache, na baada ya hapo ukanda wote ubaki na tangawizi kama ile ya Buhigwe, ambayo nyani hana sababu ya kuishukia kilima.